Doa la kijani na uzi wa zambarau: jinsi ya kuyadhibiti kwenye picha za simu

Piga picha ya jua likizama kutoka Forodhani, bustani ya pwani ya Unguja, kisha ikuze. Mara nyingi utakuta doa dogo la kijani limeelea juu ya bahari, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Piga tena makuti ya mnazi saa 7 mchana, na kila ncha ya ukuti itakuwa imejichorea uzi wa zambarau. Haya ni matatizo mawili mbalimbali, kila moja na asili yake, na dawa ya moja haitibu la pili. Kwa hiyo kabla ya kulaumu simu au kwenda kuibadilisha sokoni Darajani, tambua kwanza unachokabiliana nacho.

Mwanga unaopotea njia

Lenzi ya simu si kioo kimoja. Simu nyingi za sasa zina vipande vitano mpaka saba vya plastiki ngumu vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine, na mbele yake kuna kioo cha kukinga. Vipande saba ni nyuso 14. Uso wa kioo usiopakwa kitu hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga unaoupiga, ndiyo maana viwandani hupakwa utando mwembamba unaoshusha kiasi hicho chini ya asilimia 1. Kinachobaki ni kidogo sana, lakini jua au taa ya LED hung'aa mara maelfu kuliko maji meusi yaliyo pembeni yake. Hata chembe ya mwanga iliyodunda kati ya nyuso mbili na kurudi kwenye sensa, yaani kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, huonekana. Rangi ya kijani au buluu hutokana na utando wenyewe, kwa sababu hauzuii rangi zote kwa kiwango kimoja.

Doa hili lina tabia ambayo ukiijua umeshalishinda nusu: hukaa upande wa pili wa picha, likivuka katikati. Taa ikiwa pembe ya juu kulia, doa litakuwa chini kushoto, karibu umbali uleule kutoka katikati. Sogeza simu taratibu huku ukitazama skrini. Taa ikienda kulia na doa likikimbilia kushoto, ni hilo, na hakuna kitambaa kitakacholifuta.

Mstari mrefu unaoikata taa ni jambo jingine kabisa. Huo ni mafuta ya vidole. Ukifuta lenzi kwa kidole unaacha mifereji midogo ya mafuta, na mifereji hiyo hutawanya mwanga kwa upande unaokatana nayo: ukifuta kutoka juu kwenda chini, mstari kwenye picha utalala kushoto na kulia. Futa kwa mduara kisha piga tena. Mstari ukigeuka au ukitoweka, tatizo lilikuwa uchafu.

Sura ya tatu ya mwanga huu uliopotea ni ukungu: picha nzima imepauka, weusi umekuwa kijivu, uso wa mtu hauna uhai. Hapa mwanga umesambaa kila mahali badala ya kukusanyika. Sababu zake ni chumvi, unyevu, mikwaruzo, protekta ya kamera, au jua linaloipiga lenzi kwa ubavu hata kama halimo ndani ya picha.

Chumvi, mchanga na unyevu

Kwa visiwa vyetu hili ndilo la kushughulikia kwanza. Upepo wa kusi ukivuma pwani ya mashariki, kuanzia Bwejuu, Paje mpaka Jambiani, hewa hubeba chembe za maji ya bahari ambazo hukauka juu ya kioo na kuacha chumvi. Kaskazi nayo hufanya vivyo hivyo Nungwi na Matemwe. Ukitembea ufukweni nusu saa na simu mkononi, lenzi haiko safi tena, hata ikionekana safi kwa macho.

Kosa kubwa ni kufuta papo hapo kwa ncha ya kanga au fulana. Chembe za mchanga hukwaruza utando wa kioo, na mkwaruzo hauponi. Fuata utaratibu huu:

1. Puliza kwanza kwa pampu ndogo ya mpira, ile inayotumika kusafishia kamera, ili mchanga uruke. Usipulize kwa mdomo, mate yataongeza uchafu.
2. Lowesha pembe ya kitambaa cha miwani kwa maji safi ya kunywa, ikamue, kisha iweke juu ya lenzi kwa sekunde tano bila kusugua. Chumvi huyeyuka kwenye maji, haifutiki ikiwa kavu.
3. Inua kitambaa, geuza upande mkavu, futa kwa mduara kuanzia katikati kwenda nje.
4. Washa tochi ya simu nyingine na uimulike lenzi kwa ubavu. Kilichobaki kitang'aa.

Dawa ya meno, ambayo watu huitumia kuondoa mikwaruzo, ni kama msasa laini: itaondoa utando pamoja na mkwaruzo, na baada ya hapo kila taa itakuwa na ukungu wake.

Unyevu una saa zake. Simu iliyolala kwenye chumba chenye kiyoyozi ikitolewa ghafla nje wakati wa joto la kaskazi, umande huganda juu ya kioo mara moja. Usifute na kufuta tena. Iache mfukoni au ndani ya mkoba dakika 10 hadi 15 ipate joto la nje. Anayekwenda kupiga mapambazuko aitoe simu kwenye baridi kabla ya kwenda kutawadha. Akimaliza kusali alfajiri itakuwa tayari. Ila ukungu ukiwa ndani ya kioo na hauondoki, maji yameshaingia kwenye kamera. Usiipashe moto wala kuianika juani. Mpelekee fundi kabla kutu haijaanza.

Kava na protekta

Protekta ya kioo inayobandikwa juu ya kamera huongeza nyuso mbili mpya, na za bei nafuu mara nyingi hazina utando wowote. Kwa hesabu ya hapo juu, hiyo ni karibu asilimia 8 ya mwanga inayorudishwa, na sehemu yake hudunda kati ya protekta na kioo cha simu. Vumbi likiingia katikati hali huwa mbaya zaidi. Maoni yetu ni ya wazi: ukiipenda picha kuliko kioo, ibandue. Kioo cha kamera cha simu nyingi kinahimili mikwaruzo vizuri kuliko protekta yenyewe.

Kava angavu ina tabia yake. Mwanga wa flashi huingia ndani ya plastiki, ukasafiri humo na kutokea ukingoni mwa lenzi. Jaribio ni rahisi: zima taa za chumba, tandika kitambaa cheusi, kipige kwa flashi ukiwa na kava, kisha bila kava. Picha ya kwanza ikiwa na ukungu mweupe au wa buluu, nunua kava nyeusi isiyong'aa yenye tundu pana kuzunguka kamera.

Kiganja, nguzo na hatua moja pembeni

Jua likiwa nje ya picha lakini linaipiga lenzi, dawa ni kivuli. Nyoosha mkono ulio huru na uweke kiganja kati ya jua na simu. Usitazame skrini kwanza; itazame lenzi yenyewe mpaka uone kivuli cha kiganja kimeifunika, ndipo urudi kwenye skrini kuhakikisha vidole havijaingia. Kwa kamera kuu hili hufanyika vizuri. Kwa ile pana sana, yenye alama ya 0.5 au 0.6, vidole vitaingia karibu kila mara, kwani huona pembe ya nyuzi (digrii) 120 hivi. Hapo tumia kivuli cha kitu kikubwa: simama nyuma ya nguzo ya baraza, ubavu wa mlango, au shina la mnazi.

Jua likiwa ndani ya picha huna cha kulizuia, ila una cha kuchagua. Lifiche nusu nyuma ya tanga la ngalawa au shina la mti. Au liweke karibu na katikati, doa litaangukia juu yake na kupotea. Au lipangie doa mahali: juu ya mchanga mweupe au anga jeupe halionekani, juu ya maji meusi au buibui linapiga kelele. Hatua moja pembeni au kuinamisha simu kidogo tu hulihamisha doa mbali sana, kwa hiyo usikubali picha ya kwanza.

Usiku ni mgumu zaidi, na hapo Forodhani ndipo wengi huumia. Kila meza ya mishikaki na pweza ina balbu yake, na kila balbu huzaa doa lake. Picha ya balbu sita ina madoa sita. Sogea karibu na chakula ili balbu zitoke juu ya picha, halafu zikinge kwa kiganja. Ukitaka zionekane, gusa skrini juu ya balbu na ushushe mwangaza mpaka uone umbo lake; doa hufifia pamoja nayo, na kiza kilichobaki utakiinua baadaye. Hali ya usiku ya simu hukusanya mwanga kwa sekunde kadhaa, basi hukusanya na madoa. Kwenye mwanga wa kutosha izime.

Uzi wa rangi

Lenzi hupinda rangi kwa viwango tofauti. Mwanga wa buluu, wenye urefu wa mawimbi wa karibu nanomita 450, hupindwa zaidi kuliko mwekundu wa nanomita 650. Wabunifu wa lenzi hujitahidi kuzirudisha rangi zote mahali pamoja, lakini kwenye lenzi ndogo yenye tundu pana hawafiki asilimia mia. Panapokutana cheusi na cheupe kikali, tofauti hiyo hujitokeza.

Kuna aina mbili. Ya kwanza huonekana pembeni mwa picha tu: upande mmoja wa mstari mwekundu, wa pili kijanibuluu, na katikati ya picha hakuna kitu. Ya pili ni zambarau inayozunguka kitu chochote cheusi kilicho mbele ya anga kali, hata katikati. Kuzitofautisha, bandika ukurasa wenye maandishi meusi ukutani, upige maandishi yakiwa katikati ya picha, kisha upige tena yakiwa pembeni, na ukuze zote mbili.

Kwa aina ya kwanza, weka nguzo, minara na fremu za madirisha mbali na pembe za picha, au rudi nyuma hatua mbili kisha ukate kingo baadaye. Epuka kamera pana sana kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, ambako ukuta mrefu wenye kivuli hukutana na ufito mweupe wa anga pembeni kabisa mwa picha. Lenzi za kubana juu ya simu, zile za kununua pamoja na kibanio chake, nyingi huongeza uzi huu badala ya kuupunguza.

Kwa aina ya pili, shusha mwangaza. Gusa anga, buruta alama ya jua chini mpaka anga lipate rangi. Zambarau hustawi pale sensa inapofurika, na simu nyingi haziwezi kubana tundu la lenzi kama kamera kubwa. Saa nayo ina uzito. Mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 9 Oktoba jua hupita utosini mwa Unguja, na mchana wake hauna huruma kwa makuti. Subiri alasiri, au lipe jua mgongo ili anga liwe buluu iliyokoza.

Kuna mdanganyifu mmoja. Simu huunganisha picha kadhaa kuwa moja, na makuti yakitikisika kati ya picha na picha, kingo hujirudia na rangi zikapishana. Hiyo si lenzi, ni upepo. Ngoja utulie, au zima HDR, yaani hali hiyo ya kuunganisha picha, upige tena. Uzi ukitoweka umempata mkosaji.

Kurekebisha baadaye

Doa la kijani kwenye anga au maji hufutika kwa Snapseed, programu ya simu ya kuhariri picha. Fungua kifaa cha Healing, kuza kwa vidole viwili mpaka doa lijae skrini, liguse mara moja. Ukiligusa likiwa dogo, programu hunakili eneo kubwa mno na huacha kiraka. Doa lililoangukia uso wa mtu au nakshi za mlango wa Kizanzibari ni bora lisiguswe, kwa sababu programu itabuni nakshi ambazo fundi hakuzichonga.

Uzi wa aina ya kwanza una dawa kamili kwenye Lightroom, programu nyingine ya kuhariri picha: sehemu ya Optics, washa chaguo la kuondoa uzi wa rangi. Hufanya kazi vizuri zaidi kwenye faili la DNG, yaani picha ghafi ambayo simu haijaichakata kikamilifu, kwa hiyo kama simu yako ina hali ya Pro inayohifadhi DNG, itumie kwa picha za kazi. Zambarau ya aina ya pili mara nyingi hubaki. Ipunguze kwa Snapseed: chagua Selective, weka nukta juu ya uzi, bana vidole mpaka duara liguse ukingo tu, shusha Saturation taratibu mpaka zambarau igeuke kijivu. Usishushe zambarau ya picha nzima kama kuna aliyevaa kanga ya rangi hiyo. Atatoka kwenye picha yako akiwa amevaa kijivu.