Kabla Hujaingia Lango la Kampuni: Kwa Mhandisi wa Mitambo Anayeanza Kazi Pwani

Barua ya kazi ikishafika, nyumbani huwa ni shughuli ya shati jipya, viatu na dua ya mama. Yote yana nafasi yake. Lakini kijana aliyemaliza uhandisi wa mitambo anayekwenda kuanza kazi, iwe kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, kwenye mitambo ya maji hapa Malindi au bandarini Lamu kule Kililana, ana maandalizi mengine ambayo hapana atakayemkumbusha. Nimewapokea vijana wengi wa namna hiyo. Haya ndiyo ningependa kila mmoja awe ameyamaliza kabla ya kuja.

Makaratasi kwanza, maana ndiyo mepesi. Namba ya kodi ya KRA, ya hifadhi ya jamii NSSF, ya bima ya afya SHA, akaunti ya benki na nakala za vyeti, vyote viwe kwenye faili moja. Mkataba usome wote kabla ya kutia saini, hasa kifungu cha kipindi cha majaribio: Sheria ya Ajira ya 2007 inataka kisizidi miezi 6, na kuongezwa miezi mingine isiyozidi 6 kunahitaji ridhaa yako. Kisha Bodi ya Wahandisi. Kenya hujiiti mhandisi kwa kuwa umehitimu tu. Sheria ya Wahandisi ya 2011 inataka usajiliwe, kwanza kama mhandisi mhitimu, halafu kama mhandisi mtaalamu ukishapata uzoefu wa angalau miaka 3. Hakikisha Bodi inaitambua kozi yako, jisajili mapema, na uiulize kampuni swali ambalo wengi huona haya kuliuliza: ni mhandisi gani aliyesajiliwa atakayenisimamia? Ukikosa mtu huyo, miaka hiyo 3 itapita na huna wa kukushuhudia.

Sasa vipimo, na hapa nitakaa kidogo. Wiki yangu ya pili kazini, pampu ya maji ya chumvi ilianza kulia. Nikafungua faili ya mashine, mchoro ukasema beringi ni 6206, nikaagiza. Gari likaenda Mombasa, kilomita 120 hivi kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Fundi akaichukua ile beringi mpya, akaisogeza kwenye shafti, ikagoma mdomoni. Hakusema neno, alinipa tu kalipa yake, kile kifaa cha kupimia kipenyo na unene. Nikapima shafti: milimita 35. Beringi za aina ile hujieleza zenyewe, tarakimu mbili za mwisho, kuanzia 04, ukizidisha kwa 5 unapata kipenyo cha tundu, kwa hiyo 6206 ni milimita 30 na 6207 ni 35. Pampu nzima ilikuwa imebadilishwa miaka ya nyuma ikawekwa kubwa zaidi, na faili haikuguswa. Namba ya kweli ilikuwa imechongwa ubavuni mwa beringi kuukuu, na mimi sikuinama kuisoma. Mabwawa ya chumvi yalikaa siku mbili bila maji kwa ajili yangu.

Kwa hiyo nunua kalipa yako kabla ya kuanza, na ujifunze kuisoma mpaka 0.02 ya milimita pasipo kuhesabu kwa kidole. Pima chochote kilichopo nyumbani: bomba la maji, beringi mbovu ya bodaboda, bolti za kitanda. Zoea kuitambua bolti kwa jicho, ujue kwamba M8 kwa kawaida hutaka spana 13, M10 hutaka 17, M12 hutaka 19, M16 hutaka 24, na kwamba mashine nyingine za siku hizi zina 16 na 18 kwa zile mbili za katikati. Soma na maandishi ya kichwani. Iliyoandikwa 8.8, alama ya uimara wake, si sawa na bolti laini ya dukani hata zikifanana kama pacha. Uwe pia na daftari la jalada gumu na penseli, kwa sababu wino na jasho la Februari havipatani.

Pamoja na namba, andika kipimo chake. Geji nyingi za presha za pampu zina duara mbili, moja ya bar na moja ya psi, na bar 1 ni karibu psi 14.5. Ukiandika "presha 60" bila neno la pili hujasema kitu. Sisi tuliokulia Malindi tunayajua majukwaa ya Ngomeni, yaliyorusha setilaiti ya Waitaliano, San Marco 2, mwaka 1967, kwa hiyo kisa hiki huniuma kama cha jirani: mwaka 1999 Marekani walikipoteza chombo chao cha anga, Mars Climate Orbiter, kwa sababu upande mmoja ulitoa hesabu kwa kipimo cha Kiingereza na upande wa pili ukaipokea kama newton, kipimo cha metriki. Watu wenye elimu kubwa, na kosa la kukosa neno moja.

Jambo lingine ni mafundi. Utamkuta mtu mwenye miaka 25 na mashine, hana shahada, na wewe umewekwa juu yake kwenye karatasi. Anza kwa shikamoo, na umwite fundi au mzee kama wenzake wanavyomwita. Mtazame anavyoweka bisibisi ndefu kwenye nyumba ya beringi na mpini sikioni, akakwambia inakufa kabla geji yoyote haijaonyesha. Muulize anasikia nini, kisha sikiliza na wewe. Ila heshima haina maana ya kunyamaza. Akisema "kaza tu mpaka mwisho" na kitabu cha mashine kimetaja nguvu ya kukazia, kilete kitabu, mkae chini, msome pamoja. Saini itakuwa yako.

Halafu chumvi. Huku haiko baharini peke yake, imo hewani. Kabla ya kuanza, rudia somo la kutu ya metali mbili: bolti ya chuma kisichoshika kutu ikifungwa kwenye alumini, maji ya chumvi yakapita katikati, ni alumini inayoliwa. Ndiyo sababu mashine ya boti huwekewa kipande cha zinki. Kinaliwa hicho ili mwili upone. Nahodha yeyote wa Lamu anajua kukibadilisha. Nimeona wahitimu wasiojua ni cha nini, wakakipaka rangi, na kikishafunikwa na rangi hakifanyi kazi.

Ukipangiwa Lamu, ongeza hesabu ya maji. Safari ya kisiwa cha Pate hupita Mkanda, mkondo mwembamba wa bahari, na Mkanda hupitika bahari ikijaa. Spana uliyoisahau mjini haiendewi mbio na pikipiki. Orodha ya vifaa iandike usiku, uikague asubuhi gatini, kitu kwa kitu.

Mwisho, mwili wako. Kuwapa wafanyakazi vifaa vya kinga ni jukumu la mwajiri chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Viulizie bila aibu. Lakini kufuli nunua mwenyewe, lenye ufunguo mmoja unaokaa mfukoni mwako. Kabla ya kutia mkono kwenye mashine, zima swichi kuu, piga kufuli, kisha jaribu kuiwasha uone kweli imekufa. Usikubali kuambiwa "nimezima" na mtu aliye mbali.

Pete ivue, hata ya ndoa, uiache nyumbani. Kanzu ni ya msikitini Ijumaa, si ya karakana. Na dada unayevaa buibui, zungumza na kampuni kabla ya siku ya kwanza, mkubaliane ovaroli pana na mtandio wa kubana unaoingia ndani ya kola. Nimefanya kazi na binti aliyevaa hivyo miaka 4, amejisitiri, na hapakuwa na ncha hata moja ya kitambaa iliyoweza kufikiwa na mkanda wa mota.