Somo: jinsi ya kuichambua 720,720 bila kikokotoo

Wadau leo tuichambue namba moja tu lakini tuimalize. Wengi wakiona namba kubwa wanaanza kugawa kwa 2, kwa 3, kwa 4, kwa 6, wanachoka njiani. Usigawe kwanza, iangalie ilivyokaa.

Hatua ya 1. 720 imejirudia, 720 na 720. Sasa chukua 720 zidisha kwa 1000 unapata 720,000, ongeza 720 nyingine, si ndo hiyo hiyo? Kwa hiyo ni 720 × 1001, na 1001 ni 7 × 11 × 13. Yani namba yoyote ya tarakimu sita iliyojirudia hivi, 358,358 au 941,941, lazima igawanyike kwa 7, 11 na 13. Mimi hapa napapenda sana, jaribuni wenyewe kwenye karatasi.

Hatua ya 2. Vunja 720: 2×2×2×2×3×3×5. Ukiunganisha na zile tatu (7, 11 na 13) umepata tasa zote, yani namba zinazogawanyika kwa 1 na kwa zenyewe tu.

Hatua ya 3. Idadi ya vigawo, yani namba zote zinazoigawa 720,720 bila kubaki kitu. Vipeo (kila tasa imejirudia mara ngapi) ni 4, 2, 1, 1, 1, 1, kila kimoja ongeza 1 halafu zidisha: 5×3×2×2×2×2 = 240. Vigawo 240!

Hatua ya 4. Jumla ya vigawo. Kwa 2 ni 1+2+4+8+16 = 31, kwa 3 ni 1+3+9 = 13, zilizobaki ni 1+5, 1+7, 1+11 na 1+13, yani 6, 8, 12 na 14. Zidisha zote unapata 3,249,792.

Na hii 720,720 ndo KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya 1 mpaka 16, hakuna ndogo yake inayogawanyika kwa zote hizo. Kwa 17 inabaki 5.

MASWALI

Swali: Mkuu kwa nini tunaongeza 1? Mi nimezidisha vipeo vyenyewe nimepata 8.

Jibu: Kwa sababu kuna kuchukua na kuna kuacha. Ukitengeneza kigawo, ile 2 unaweza usiichukue kabisa, au uchukue moja, mbili, tatu, nne, hizo ni njia tano. Jaribu na 12, ni 2×2×3, njia 3×2 = 6, na vigawo vyake ni 1, 2, 3, 4, 6, 12. Ulivyofanya wewe ungepata 2 tu.

Swali: Na kama haijajirudia, mfano 1,234,567?

Jibu: Hapo hakuna njia ya mkato, unagawa kwa tasa moja moja. Tasa 30 za mwanzo zote zinagoma, ya 31 ambayo ni 127 inakubali, inabaki 9,721. Acha hapo hapo! Kipeuo cha pili cha 9,721 hakifiki 99, na tasa zote za chini ya hapo zilishagoma, kwa hiyo 9,721 nayo ni tasa.