Kuchagua kituo cha rihabu (cha kuacha dawa za kulevya na pombe) kwa mtoto wako hapa Nairobi, kabla hujatuma hata shilingi

Wazazi hamjambo. Naandika hii juu kuna simu napigiwa sana, mzazi yuko kwa gari, mtoto yuko kiti cha nyuma amefura, na swali ni moja tu, nimpeleke wapi saa hii? Mimi ni kaunsela wa vijana upande wa Eastlands na nawaambia, hiyo ndio saa mbaya kabisa ya kuchagua, vituo vibaya vinakula kwa wazazi wenye wameshikwa na hofu. Soma hii ukiwa umetulia.

Hatua ya 1: Jua unatibu nini

Bangi si pombe, na pombe si bugizi (vile vidonge vya usingizi vinauzwa mtaani). Mtoto ambaye amekuwa akimeza bugizi kila siku, ama kulewa kila siku, akikatishwa ghafla anaweza kupigwa na kifafa, na hiyo arosto, yaani mwili kuteseka ukikosa ile dawa, inataka daktari, si kufungiwa chumba na kupewa maji ya ndimu. Wa bangi hana hiyo hatari, lakini kama ameanza kusikia sauti ama anasema watu wanamfuata, anza na daktari wa akili kwanza. Halafu kuna wale hawatumii chochote, wana hasira tu, wanahepa shule, nyumbani kuna vita. Wengi wa hao hawahitaji kulazwa popote, wanahitaji kaunsela wa kila wiki na nyinyi wazazi mkae kwa hicho kiti pia (najua hamtaki kusikia).

Kwa hivyo fanya tathmini. Mathari, ile hospitali ya akili pale Thika Road, Kenyatta, ama hospitali yoyote iliyo na daktari wa akili. Muhimu ni hii: anayekuambia mtoto alazwe asiwe ndiye anauza kitanda.

Hatua ya 2: Karatasi

NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi na dawa, ndio wanaidhinisha vituo vya dawa za kulevya na pombe, piga 1192, ni bure, uliza jina la kituo. Cheti ukikiona ukutani usitosheke na mhuri, soma jina, soma mahali, soma tarehe ya kuisha. Unaweza kupata cheti ni cha tawi lingine kabisa na wewe umesimama hapa.

Halafu uliza, watoto wanalala wapi? Sheria ya Watoto ya 2022 inasema mtoto ni yeyote chini ya miaka 18. Kijana wa 15 akilazwa chumba kimoja na wazee wa 40 ataingia na bangi atoke akijua heroini inauzwa wapi.

Hatua ya 3: Enda uone, na usiende peke yako

Hapa ndio watu huharakisha na hapa ndio kila kitu kiko. Enda siku ya kawaida, si ile siku wamekuambia uje. Ofisi itakuwa na sofa na maua ya plastiki, hiyo achana nayo, omba kuona bweni. Wakisema ni ya siri ya wagonjwa, waambie watoe wagonjwa nje dakika tano, wakikataa bado, toka. Ukiingia angalia kufuli ya mlango iko upande gani, madirisha yana vyuma ama yanafunguka, na ufunguo usiku unakaa na nani. Sisi Kenya tulizika watoto 21 waliokufa kwa moto wa bweni la shule kule Endarasha, Nyeri, mwaka wa 2024, hakuna mtu anafaa kukuona mshamba ukiuliza moto ukitokea watoto wanapitia wapi.

Angalia choo kama mlango unafungika. Uliza daftari la dawa, nani anapeana, saa ngapi, anaandika wapi. Mimi nilishawahi kuona ratiba nzuri sana imebandikwa ukutani, yoga, masomo, kaunseli, na vijana wote saa nne asubuhi wamelala kwa magodoro, sasa hiyo ratiba ni ya nani? Na uliza swali hili kwa sauti ya upole: mtoto akivunja sheria mnamfanya nini? Wakianza "huku tunawanyoosha", chukua kibeti uende.

Ya mwisho hapo, simu na ziara. Siku chache za kwanza bila simu naweza elewa. Mwezi mzima bila kumwona mtoto, ama simu ambayo mfanyakazi amesimama hapo anasikiliza, hapana.

Hatua ya 4: Pesa

Mkataba kwa maandishi, lipa kwa akaunti ya kituo si namba ya mkurugenzi, na uliza akitoka mapema mnarudishiwa ngapi. Basi.

MASWALI

Mama Shiru: Wangu ana 16 amekataa katakata. Kituo kimesema watatuma vijana wamchukue usiku. Nikubali?

Usikubali, dada. Paris Hilton, yule staa wa Marekani, akiwa kijana alitolewa kitandani usiku hivyo hivyo akapelekwa kituo kimoja baada ya kingine mpaka akafika Utah, wazazi wake wakidhani wanamsaidia, na amekuja kusimulia mateso ya huko mpaka Marekani ikapitisha sheria Desemba 2024 ya kufuatilia hivyo vituo. Kama mtoto yuko kwa hatari saa hiyo hiyo, hiyo ni hospitali, mpeleke wewe mwenyewe. Kama sivyo, anza na kaunsela hata kama atanyamaza vikao vya kwanza.

Baba Ken, Donholm: Si nimpeleke tu ushago kwa nyanya yake, ni bei rahisi.

Ushago ni wapi? Kama ni Embu, huko ndiko muguka, yale majani ya kutafuna ya kulevya, inalimwa, baba. Na nyanya ana miaka mingapi wa kukimbizana na kijana usiku? Likizo sawa, matibabu hapana.

Wanjiru_K: SHA inalipa?

SHA, bima ya afya ya serikali, ndio ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Usichukue neno la mtu wa mapokezi, uliza kama kituo kina mkataba nao, na wakuandikie SHA inalipa nini na wewe unalipa nini.

Mama D: Binti yangu 14 anajikata mikono, hatumii dawa. Mchungaji ametuonyesha kituo Ruiru.

Hapana mama, hiyo si rihabu. Daktari wa akili wiki hii, usingoje mwisho wa mwezi, na toa nyembe na dawa zote nyumbani. 116 ni simu ya watoto, bure, hata yeye mwenyewe anaweza piga. Maombi yaendelee, hayazuii hospitali.

Otis: Siku 90 zinatosha?

Zinatosha kumtoa kwa arosto na kumfanya alale vizuri. Lakini anarudi mtaa ule ule, kwa mabeste wale wale, kwa hivyo kabla hujamlaza uliza kituo nani atamwona akitoka, kila wiki, na kwa bei gani. Ongea na shule pia saa hii kama watamkubali tena, usingoje siku ya 89.

Mama Shiru: Na abebe nini?

Ndala, sabuni, sweta mbili, bathrobu hawaruhusu kwa sababu ya mshipi wake. Pesa za matumizi zikae ofisini, uchukue risiti.