Kushukuru msimu ukiwa mbaya: zoezi tunalolifanya hapa Moshi

Hapa Moshi ukimuuliza mtu habari za nyumbani, atakujibu "tunamshukuru Mungu" kabla hujamaliza kuuliza. Mimi nilijibu hivyo kwa miezi mingi mwaka 2020. Mume wangu ni mpishi wa safari za mlimani. Wageni walikuwa wamekatika, sufuria zake zimelala stoo, kodi ya nyumba tunadaiwa miezi mitatu. Nikitoka kanisani naulizwa, "Mama, mnaendeleaje?" Tunamshukuru Mungu. Nikifika nyumbani najifungia chumbani nalia. Na kazi yangu, tafadhali usicheke, ni unasihi, yaani ushauri nasaha.

Ilinichukua muda kukubali kwamba yale maneno yangu yalikuwa salamu tu, tena salamu ya kumzuia mtu asiulize zaidi. Shukrani inayomwinua mtu ni ile unayoweza kuitaja: nani kafanya nini, saa ngapi, ikawaje. Zoezi ninalolieleza hapa nalifanya na kikundi cha wapagazi na wake zao, hasa Aprili na Mei, masika yanapopunguza kazi mlimani. Unahitaji daftari dogo na kalamu. Asiyependa kuandika ajirekodi sauti kwenye simu, ni sawa.

Hatua ya 1: Lalamika kwanza

Usianze na shukrani. Fungua daftari, upande wa kushoto andika linalokuuma kama lilivyo: "Tunadaiwa. Leo nimepita njia ya nyuma nisikutane na mwenye nyumba." Mistari miwili au mitatu, halafu acha.

Kwenye kikundi tunatenga dakika kumi za kulalamika, na hakuna ruhusa ya kumpa mtu ushauri. Mtu aliyefiwa, au aliyeachishwa kazi, ukimwambia ashukuru kabla hujamsikiliza, yeye anasikia "nyamaza". Nimewahi kulifanya kosa hilo. Mama mmoja alinyanyuka katikati ya kikao, akachukua mwavuli wake, hakurudi tena.

Hatua ya 2: Funga zoezi kwenye jambo unalolifanya tayari

Baada ya kuosha vyombo vya usiku, au ukishafunga mlango. Ukisema "nitaandika nikipata nafasi", hutaandika.

Hatua ya 3: Andika matatu, na kila moja liwe na sababu

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wiki ya kwanza karibu kila daftari ninaloonyeshwa limeandikwa: uhai, afya, familia. Kesho yake: uhai, afya, familia. Hayo ni kweli, lakini ni mapana mno, moyo haupati pa kushika.

Chukua "nashukuru kwa majirani". Iulize maswali. Jirani yupi? Alifanya nini? Lini? Kwa nini alifanya? Ikitoka huko inakuwa hivi: "Saa kumi jioni mama wa nyumba ya pili kaniletea kichane cha ndizi mshare kutoka kwao Kibosho. Nimepika mtori bila nyama, mtoto kanywa bakuli mbili akalala mapema. Nadhani aliniona jana natoka gengeni na mfuko mtupu, na hakusema kitu." Sasa hiyo unaiona. Tena sentensi ya mwisho ndiyo yenye nguvu kuliko zote, kwa sababu inakuonyesha kuna mtu alikuwa anakuangalia wakati wewe ukidhani uko peke yako.

Sehemu ya "kwa nini" sikuitunga mimi. Mwaka 2005 Martin Seligman na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti ambapo watu waliandika kila usiku, kwa wiki moja, mambo matatu yaliyokwenda vizuri pamoja na sababu zake. Miezi sita baadaye bado walionekana kuwa na furaha zaidi na huzuni pungufu kuliko wale waliopewa zoezi jingine. Waliofaidika kwa muda mrefu zaidi ni wale walioendelea wenyewe bila kuambiwa.

Udogo wa jambo usikutishe. Umeme haukukatika wakati wa kupiga pasi. Dereva wa bodaboda kapokea mia tano pungufu akasema utamalizia kesho. Yote yanaingia.

Hatua ya 4: Baada ya wiki, punguza

Watu wanashangaa nikisema hivi. Fanya kila usiku kwa wiki ya kwanza ili mkono uzoee, kisha baki na siku moja kwa wiki. Mimi yangu ni Jumapili usiku.

Sababu ni mazoea. Mgeni akishuka basi stendi swali lake la kwanza ni mlima uko wapi. Anaamka alfajiri kuiwahi Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kabla mawingu hayajaifunika. Mimi niliyezaliwa hapa naweza kumaliza wiki nzima bila kuinua shingo. Shukrani nayo ukiifanya kila siku bila kupumzika inageuka kuwa kazi ya nyumbani, unaandika huku unawaza kulala. Robert Emmons na Michael McCullough, katika utafiti wao wa mwaka 2003, waliwapa wanafunzi wa chuo zoezi la mara moja kwa wiki, kwa wiki 10. Walioandika mambo ya kushukuru waliyaona maisha yao kuwa mazuri zaidi kuliko walioandika kero zao. Mara moja tu kwa wiki.

Hatua ya 5: Siku isiyo na kitu, ondoa

Zipo siku ukikaa na kalamu hakuna kinachokuja. Usijilazimishe. Chagua kitu kimoja kilichopo na ukiondoe kichwani. Kama nisingekutana na yule mwalimu wangu wa unasihi, leo ningekuwa wapi? Kama simu isingekuwepo, mwanangu aliyeko Dodoma ningemsikiaje? Andika unachokiona. Mara nyingi mtu akikiondoa kitu namna hiyo ndipo anapokumbuka kwamba hakikuwa lazima kiwepo.

Wapi zoezi hili halifai

Usiandike shukrani kwa mtu anayekupiga, eti kwa kuwa leo hakupiga. Huyo hashukuriwi, unahitaji kutoka na kupata msaada. Usilitumie kukwepa kudai haki yako pia: mpagazi aliyenyimwa ujira wake anaweza kushukuru kwa chai ya jirani na bado akaenda kudai.

Na kama kwa wiki mbili au zaidi huzuni haikuachi, usingizi umekukimbia, chakula hakipiti, au unawaza afadhali usingekuwepo, funga daftari uende hospitali, Mawenzi au KCMC au yoyote iliyo karibu, na uwaambie hivyo hivyo bila kuficha. Wazo la kujidhuru likija, usisubiri wiki mbili: nenda siku hiyo hiyo, na mtu akusindikize. Daftari husaidia kiasi, halichukui nafasi ya matibabu.

Hatua ya 6: Mpelekee mwenyewe

Wazee wa Kichagga waliipenda shukrani hadi wakaifanya jina la mtoto: Aika, asante; Aikaruwa, asante Mungu. Kumshukuru Mungu hatuna tabu. Kumkabili binadamu na kumwambia "siku ile ulinifaa", hapo ndimi zinakuwa nzito, hasa kwetu wanaume, anasema mume wangu.

Mara moja kwa mwezi chagua jina moja kutoka kwenye daftari. Tuma sauti ya WhatsApp, au nenda. Taja tendo lenyewe, usiseme "asante kwa yote". Usiambatanishe ombi: ukimalizia na "halafu nina shida ndogo", umeharibu. Mimi yule mama wa ndizi nilimfuata baada ya miaka miwili. Alikuwa ameshasahau. Akaniuliza, "Kichane kipi?" Ikabidi nimhadithie upya, tukiwa tumesimama uwanjani na mvua inaanza.

Mei iliyopita, kwenye kikundi, zamu ya kutaja ilimfikia mpagazi mmoja ambaye tangu Machi hakuwa amepanda hata mara moja. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani atapitisha. Akasema: "Nashukuru leo mke wangu hakuniuliza wageni wanaanza lini." Tulicheka wote, mkewe akiwa wa kwanza. Kisha akaomba kalamu.