Kupanga sasipensheni ya Impreza kwa mbio za lami: kamba, timazi na mizani nne

Mwongozo huu ni wa mwenye Subaru Impreza ya GC8 (kizazi cha kwanza) au GDB (kizazi cha pili) anayetaka kuipeleka kwenye saketi ya lami au autokrosi, na hana mashine ya alaimenti ya kompyuta. Utahitaji kamba nyembamba, timazi ya fundi mwashi, mpira mwangavu wa maji, futi ya chuma, mizani nne zinazolingana na siku nzima isiyo na haraka. Jambo moja nalisisitiza tangu mwanzo: fuata mpangilio wa hatua. Ukibadili kimo cha gari, kemba (jinsi gurudumu linavyoinamia ndani au nje kwa juu) na tou (jinsi magurudumu yanavyoangalia ndani au nje kwa mbele) vyote vinahama. Anayeanza na tou akamaliza na kimo amefanya kazi ambayo ataifanya upya.

Hatua ya 1: Soma kanuni za injini kabla ya kununua springi

Wengi huruka hapa, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kanuni za injini ndizo zinazokuambia utakuwa na nguvu kiasi gani, na nguvu hiyo utaipata wapi kwenye mizunguko ya injini. Sasipensheni unaipanga kufuatana na majibu hayo.

Injini ya EJ20 ina cc 1,994. Kwa kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, ujazo wa injini ya petroli yenye tabo huzidishwa kwa 1.7, kwa hiyo kwenye karatasi Impreza yako ina cc 3,390. Kama mashindano unayoingia yanatumia kizidisho hicho, unapangwa na magari ya injini kubwa zisizo na tabo, na mara nyingi unatakiwa kubeba uzito wa chini zaidi unaolingana na darasa hilo. Uliza uzito huo kabla hujang'oa viti.

Halafu kuna restrikta, ile pete inayobana njia ya hewa kabla ya tabo. Tangu 1995 magari ya tabo ya Group A katika mbio za rali za dunia yalifungwa restrikta ya milimita 34. Magari ya Rally2 ya leo, yenye injini isiyozidi cc 1,620, yanatumia ya milimita 32. Tofauti ya milimita 2 inaonekana ndogo, lakini piga hesabu ya eneo la tundu: ya 32 inapitisha hewa pungufu kwa asilimia 11 hivi. Na hewa ikishafikia kasi ya sauti kwenye koo la pete hiyo, haiongezeki tena hata ukipandisha busti, yaani shinikizo la hewa kutoka kwenye tabo. Tabo itazunguka kwa kasi zaidi na kupasha hewa joto, basi. Ukishindana Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, kanieneo ya hewa yenyewe iko chini kwa karibu asilimia 18 kuliko Mombasa, na pete ileile inapitisha hewa pungufu kwa takriban kiasi hicho.

Matokeo yake ni injini yenye toki kubwa chini na inayokosa pumzi juu. Gari la namna hii, tena linalosukumwa na magurudumu yote manne, likikanyagwa mafuta linapotoka kwenye kona husukuma pua nje. Kwa hiyo tangu sasa tunajua kwamba kazi yetu kubwa ni kuyapa magurudumu ya mbele mshiko.

Mbio za magari ya saluni za Uingereza zilifundisha somo hilihili. Miaka ya 1990, magari ya Super Touring yote yalikuwa na injini ya lita 2 bila tabo, na mizunguko haikuruhusiwa kuvuka 8,500 kwa dakika. Mwaka 1996 Frank Biela alichukua ubingwa akiendesha Audi A4 quattro, na injini yake ilibanwa na ukomo uleule wa wapinzani. Kilichomtofautisha ni jinsi nguvu ilivyofika chini. Waandaaji walilibebesha gari hilo uzito wa ziada, na kufikia msimu wa 1998 mfumo wa kuendesha magurudumu manne ulikuwa umepigwa marufuku. Kanuni zikishasawazisha injini, muda unatafutwa kwenye tairi.

Hatua ya 2: Ondoa kilichochakaa

Pandisha gari kwenye stendi, siyo jeki peke yake. Shika gurudumu juu na chini, tikisa. Kisha kushoto na kulia, tikisa. Ukisikia kugonga, tafuta: beringi, boli jointi, tairodi endi. Kagua bushi za mkono wa chini na linki za stabilaiza (ile fimbo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale sana) kwa mtaimbo mdogo. Chochote chenye mchezo kibadilishwe kwanza, maana vipimo vya gari lenye bushi zilizokufa havidumu hata mzunguko mmoja.

Hatua ya 3: Tengeneza sakafu iliyo sawa

Jaza maji kwenye mpira mwangavu, kama mafundi wa ujenzi wanavyofanya wakisawazisha msingi, kisha linganisha sehemu nne zitakapokaa tairi. Palipo chini ongeza vigae au vipande vya bati hadi tofauti isizidi milimita 2. Chora alama sakafuni ili gari lirudi palepale kila mara.

Jaza upepo kiwango utakachotumia siku ya mbio, weka nusu tangi ya mafuta, na weka mifuko ya mchanga kwenye kiti cha dereva yenye uzito wake pamoja na helmeti na nguo. Usiache hili. Kwetu dereva hukaa kulia, na kilo 80 za upande mmoja zinabadilisha kila namba utakayosoma.

Hatua ya 4: Kimo

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu ndipo gari nyingi huharibiwa na mwenyewe kwa nia njema.

Impreza za GC8 na GDB zina sasipensheni ya MacPherson mbele na nyuma: shokapu moja imesimama, na mkono wa chini unashika gurudumu kwa boli jointi. Likiwa kwenye kimo cha kiwandani, mkono wa chini wa mbele unashuka kidogo kuelekea gurudumuni. Gari likilala kwenye kona, upande wa nje unabanwa, mkono unaelekea kuwa sambamba na ardhi, na gurudumu linaongeza kemba hasi kidogo, yaani linainamia ndani kwa juu. Hicho ndicho unachokitaka.

Sasa lishushe gari kwa milimita 60. Mkono wa chini umevuka usawa na unaelekea juu gurudumuni. Kila gari linapolala, gurudumu la nje linapoteza kemba badala ya kuongeza, na tairi inabaki imesimama kwenye ukingo wake wa nje. Kuna baya zaidi. Kitovu cha mlalo, yaani ile nukta ambayo bodi hulala kuizunguka, hushuka haraka kuliko kitovu cha uzito. Umbali kati ya vitovu hivyo viwili ndio wenzo unaolilaza gari. Umelishusha ili lisilale, na sasa linalala zaidi. Mwenye gari anaongeza springi ngumu kuficha tatizo, gari linaanza kurukaruka kwenye lami yetu yenye mabaka, na mshiko unapotea kabisa.

Fanya hivi: chuchumaa mbele ya gari na pima kutoka sakafuni hadi katikati ya bolti ya ndani ya mkono wa chini, kisha hadi katikati ya boli jointi. Bolti ya ndani isiwe chini kuliko boli jointi. Vikilingana, umefika mwisho wa kushusha. Ukitaka zaidi ya hapo, tafuta boli jointi ndefu zilizotengenezwa kurudisha pembe ya mkono, na uhakikishe kanuni za darasa lako zinaziruhusu.

Kagua pia nafasi ya shokapu. Ukiweka gari chini, ramu ya shokapu (fimbo yake inayoingia na kutoka) ibaki na angalau milimita 40 kabla ya kugusa kiraba cha kuzuia mgongano. Kiraba kikiguswa katikati ya kona, ni kama springi imegeuka jiwe ghafla, na gari linateleza bila kutoa onyo.

Hatua ya 5: Chagua springi kwa hesabu

Koilova (shokapu na springi yake zikiwa kitu kimoja, kimo kikirekebishika) nyingi kutoka Japani huandikwa kwa kilo kwa milimita. Springi ya kilo 6 ni takriban nyutoni 59 kwa milimita. Shokapu ya MacPherson husogea karibu sawa na gurudumu, chukua 0.95. Zidisha ugumu wa springi kwa 0.95 mara mbili: 59 × 0.95 × 0.95 inakupa nyutoni 53 kwa milimita pale gurudumuni.

Kona ya mbele ya Impreza yenye dereva inabeba karibu kilo 390. Toa gurudumu, breki na habu, inabaki kama kilo 350 zinazokaa juu ya springi. Gawanya 53,000 kwa 350, tafuta kipeuo cha pili, gawanya kwa 6.28. Jibu ni karibu 2, yaani mitikisiko 2 kwa sekunde. Gari la kawaida la barabarani huwa kati ya 1 na 1.5. Springi ya kilo 10 kwa gari hilohilo inakupa 2.5.

Kwa maoni yangu, gari lisilo na mabawa ya kulikandamiza, kwenye lami isiyo laini kama meza, linapendeza kati ya 1.8 na 2.1. Kilo 10 ziachie saketi laini na tairi zisizo na kashata. Nyuma iwe na mitikisiko mingi kidogo kuliko mbele, ili mkia usaidie pua kuingia kwenye kona.

Hatua ya 6: Mizani nne

Fungua linki za stabilaiza upande mmoja, mbele na nyuma. Zikiwa zimefungwa zinavuta kona moja kwa nyingine na kukupa namba za uongo. Weka gari juu ya mizani, libonyeze kila kona mara kadhaa, lisubiri litulie.

Chukua mfano: mbele kushoto 392, mbele kulia 394, nyuma kushoto 254, nyuma kulia 280. Jumla ni kilo 1,320. Sasa jumlisha kimshazari. Mbele kushoto na nyuma kulia ni 672. Mbele kulia na nyuma kushoto ni 648. Gari hili litakata kona za upande mmoja vizuri na upande wa pili litasumbua. Tunataka 660 kwa 660.

Kupandisha kiti cha springi kwenye kona moja kunaiongezea uzito kona hiyo pamoja na ile ya mshazari wake. Hapa pandisha mbele kulia na nyuma kushoto, robo mzunguko kila mmoja, na shusha nyingine mbili kwa robo. Kwa njia hiyo kimo hakihami. Pima, rudia. Uzito wa kushoto kwa kulia, au wa mbele kwa nyuma, hautabadilika kwa nati hizi; huo unabadilika ukihamisha betri au kitu kingine kizito.

Hatua ya 7: Kasta, kemba, kisha tou

Kasta, yaani mlalo wa shokapu kuelekea nyuma ukilitazama gari kwa ubavu, iwe nyingi kadiri bamba la juu la shokapu linavyoruhusu, na kushoto ilingane na kulia.

Kwa kemba, ning'iniza timazi upande wa nje wa gurudumu, pima kutoka uzi hadi ukingo wa rimu juu, kisha chini. Tofauti ya vipimo gawanya kwa umbali wa ukingo hadi ukingo, zidisha kwa 57.3. Rimu ya inchi 17 ina karibu milimita 460 ukingo hadi ukingo. Tofauti ya milimita 20 ni nyuzi 2.5. Anza na hasi 2.5 mbele na hasi 1.5 nyuma. Mbele unarekebisha kwa bolti ya juu inayoshika shokapu na habu, yenye kichwa kisicho duara kamili.

Tou inahitaji kamba mbili, moja kila upande, zimefungwa kwenye mabomba mawili, moja mbele ya gari na moja nyuma, kwenye usawa wa katikati ya habu. Umbali kati ya kamba ulingane mbele na nyuma. Halafu sogeza mabomba hadi kamba ziwe mbali sawa na habu za kushoto na kulia kwa kila ekseli. Habu za mbele na za nyuma zinaweza kutofautiana. Hilo ni kawaida. Weka mabati mawili yenye grisi katikati chini ya kila tairi ili gurudumu liteleze unaporekebisha, funga usukani ukiwa katikati, na pima kutoka kamba hadi ukingo wa mbele na wa nyuma wa kila rimu.

Mbele nataka magurudumu yaangalie nje kwa milimita 1 kila upande. Nyuma yaangalie ndani kwa milimita 1. Nyuma ikiangalia nje, gari litatupa mkia ukiachia mafuta kwenye kona ya kasi, na dereva mgeni hatawahi kulikamata.

Hatua ya 8: Saketini

Rudisha linki za stabilaiza. Dereva akiwa amekaa na gari likiwa juu ya sakafu yako sawa, ziwe na urefu unaoingia bila kulazimishwa.

Endesha mizunguko mitano ya kasi, ingia pembeni moja kwa moja bila mzunguko wa kupoza, na pima joto la kila tairi mahali patatu: ndani, katikati, nje. Kwa kipimajoto cha sindano, ndani pazidi nje kwa nyuzijoto 5 hadi 10. Pakizidi sana, punguza kemba. Nje pakiwa na joto kuliko ndani, ongeza. Katikati pakiongoza, punguza upepo.

Gari likisukuma pua nje, lainisha stabilaiza ya mbele hatua moja au kaza ya nyuma. Likitupa mkia, geuza. Badilisha kitu kimoja tu kila unapotoka, na kiandike kwenye daftari pamoja na upepo, joto la lami na muda wa mzunguko.

Baada ya siku ya kwanza, rudisha gari kwenye alama zako sakafuni na upime tou tena. Springi mpya na bushi mpya hukaa, na milimita 1 iliyohama inatosha kukurudisha kwenye kamba.