Nguo ya aliyebakwa usiitie kwenye kaveera (mfuko wa plastiki)

Nilikaa polisi miaka 19, mingi kwenye dawati la wanawake na watoto huku mashariki ya Uganda. Kuna kesi iliyoharibiwa na kaveera. Mama alileta sketi ya bluu ya shule ya binti yake, imefungwa kwenye kaveera jeusi tangu juzi. Nilipofungua, harufu ya uvundo ilinipiga puani, na penye doa pameshaota ukungu. Simlaumu mama. Kituo cha kwanza walimwambia, "Funga vizuri, urudi Jumatatu."

Basi anza na hospitali. Saa 72 zisipite, maana dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi haingoji. Aliyebakwa, akiweza, asioge kabla ya kupimwa. Ameshaoga? Nendeni hivyo hivyo, nguo bado zina la kusema.

Nguo avulie juu ya karatasi safi, unywele au mchanga ukidondoka ubaki hapo, kisha karatasi nayo ikunjwe na kuhifadhiwa. Usizikung'ute. Zikiwa na unyevu, anika ndani, kivulini, mbali na jua na pasi. Halafu kila nguo na mfuko wake wa karatasi, ile ya kaki ya dukani, iwe mipya: chupi peke yake, blauzi peke yake. Funga kwa selotepu. Bahasha usiilambe hata siku moja! Mate yako yana vinasaba vyako, na maabara itakukuta wewe humo. Andika tarehe, saa na jina la aliyefunga. Saini ipite juu ya selotepu, nusu huku nusu kule. Kila anayepokea naye aandike, kwa sababu wakili wa mshtakiwa ataanzia hapo hapo.

Fomu ya PF3A, ile ya polisi ambayo daktari anaijaza akimpima aliyebakwa, ni bure. Ukidaiwa "ya fotokopi", muulizie OC, mkuu wa kituo.

Sasa lile swali la kila siku: "Afande, huyu tunamjua, ni jirani. Maabara ya nini?" Hata wenzangu waliniuliza. Mwaka 2009 kule Detroit, Marekani, yalikutwa kwenye stoo ya polisi maboksi zaidi ya 11,000 ya ushahidi wa ubakaji. Cleveland nako yalikuwepo yasiyopimwa, mengine ya tangu miaka ya 1990. Haya ya Cleveland yalipopimwa, watafiti wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve wakafuatilia kesi 243, na zaidi ya nusu zilihusishwa na wanaume waliobaka zaidi ya mara moja. Kilichonishtua mimi ni kwamba wengine walibaka anayewafahamu, kisha wakabaka mpita njia wasiyemjua. Kwa hiyo vinasaba vya jirani vinaweza kujibu kesi ya msichana wa kijiji cha pili ambaye hakuiona sura ya mtu. Pima hata anayejulikana.

Ukikabidhi mfuko, omba namba ya kielelezo, uipige picha kwa simu. Baada ya wiki mbili rudi uulize kama umeshapelekwa maabara ya serikali, Wandegeya, Kampala. Uliza kwa upole, lakini uliza. Mimi niliwahi kufungua kabati nikitafuta daftari, nikakuta mifuko mitatu nyuma ya jerikeni la mafuta ya taa. Mmoja ulikuwa na saini yangu.