Namna ya kukagua mwavuli wa mtumba kabla ya kuurukia

Kijana wa jirani yetu hapa Isevya, Tabora, ambaye amejifunza kuruka kwa mwavuli akiwa kazini ughaibuni, alirudi likizo na begi zima alilolinunua mtumba, akanibishia hodi jioni akitaka nimwambie kama bei aliyolipa ilikuwa ya haki. Nilimjibu kwamba habari ya bei tungeizungumza mwisho, kwa kuwa anayekagua mwavuli hatafuti uthibitisho kwamba ni mzima, bali anatafuta sababu ya kuukataa, na akiikosa baada ya kuitafuta kwa utaratibu uleule kila mara, hapo ndipo anapopata haki ya kuendelea. Utaratibu tulioufuata usiku ule ndio ninaoueleza hapa. Ni ukaguzi wa mrukaji mwenyewe, na hauchukui nafasi ya fundi wa miavuli mwenye leseni. Mahali panapomhitaji fundi huyo nitapataja.

Anza na mahali pa kufanyia kazi. Kijana alitaka tuutandaze uani chini ya mwembe kwa sababu pana nafasi, nikamkatalia, kwani mwembe hudondosha utomvu, na vumbi la kiangazi chetu cha Septemba na Oktoba hujipenyeza katikati ya nyuzi na kuzisaga kila kitambaa kinapokunjwa. Jua nalo ni adui wa nailoni, kwa maana mionzi yake huidhoofisha kidogokidogo hata kabla rangi haijapauka. Tulisogeza makochi ya sebuleni, tukafagia, tukapiga deki, tukasubiri sakafu ikauke kabisa, kisha tukatandika turubai safi. Vua saa na pete, kata kucha, na uwe na tochi, tepu ya kupimia, daftari na pamba kidogo. Kazi ya pamba utaiona.

Kabla ya kugusa kitambaa soma karatasi. Begi lina miavuli miwili, mkuu na wa akiba, na ule wa akiba huwa na kadi inayoonyesha tarehe uliyokunjwa, jina la fundi na namba yake. Linganisha namba za mfululizo zilizoandikwa kwenye kadi na zile zilizoshonwa kwenye lebo za vifaa vyenyewe. Kisha tazama pini ya mwavuli wa akiba, ambayo hufungwa kwa uzi mwembamba mwekundu na kipande kidogo cha risasi kilichobanwa na kugongwa alama ya fundi. Uzi ukiwa umekatika, au alama isipolingana na kadi, basi hujui nani aliyeufungua mara ya mwisho, na jambo hilo peke yake linatosha kuupeleka kwa fundi. Nchini Marekani sheria inataka mwavuli wa akiba wa nailoni uwe umekunjwa na fundi mwenye cheti ndani ya siku 180 kabla ya kurukwa. Muda huo ulikuwa siku 120 hadi mwaka 2008. Kadi ya kijana ilikuwa imepita mwaka na miezi miwili.

Baada ya karatasi, shika mikanda ya mwili. Pitisha kila mkanda kati ya kidole gumba na cha shahada, kuanzia begani hadi kwenye paja, upande wa nje na wa ndani, ukitafuta mahali palipochanika ukingoni, palipokauka na kuwa pagumu, au palipopata weupe wa jua. Kwenye mishono usiangalie kitambaa tu, angalia uzi, kwa sababu mshono wa kubeba mzigo una mpangilio maalumu uliochorwa na mtengenezaji, nao haurekebishwi kwa cherehani ya mtaani. Nawaheshimu mafundi cherehani wetu, na suruali zangu zote ni kazi yao, lakini niliwahi kuonyeshwa mkanda wa paja uliopigwa kiraka kizuri sana kwa uzi wa pamba, na mwenye nacho akijivunia unadhifu wake. Mkanda wa namna hiyo hauvaliwi tena.

Mabegani kuna kifungo cha pete tatu, uvumbuzi wa Mmarekani Bill Booth, ambacho humwezesha mrukaji kuuachia mwavuli mkuu uliokwama ili afungue wa akiba. Pete kubwa imeshonwa kwenye mkanda wa mwili. Ya kati hupita ndani yake, ndogo hupita ndani ya ya kati, na kitanzi cheupe hupita ndani ya ile ndogo kisha hutoboka upande wa pili wa mkanda na kuzuiwa na waya wa manjano. Kila pete ipite ndani ya mwenzake mmoja tu, na kitanzi kisishike chochote zaidi ya ile pete ndogo. Unapotaka kuzitenganisha kwa usafi, tangulia kufungua utepe unaounganisha mkanda wa bega na pini ya mwavuli wa akiba, la sivyo utaufungua wa akiba hapo sebuleni. Kunjakunja mkanda unaozibeba pete ili ulainike, kwa kuwa uliokaa muda mrefu umefungwa hukakamaa na kuzishikilia pete hata baada ya waya kuvutwa. Futa waya wa manjano kwa kitambaa kisafi, paka silikoni kiasi kidogo kama maelekezo ya mtengenezaji yanavyosema, na uhakikishe hauna kona wala ncha iliyochanuka. Ni kazi ya kila mwezi, hata kama huruki.

Sasa tandaza mwavuli mkuu. Una ngozi mbili za nailoni, ya juu na ya chini, zilizounganishwa na kuta zinazogawa vyumba, mara nyingi saba au tisa. Mmoja ashike ukingo wa mbele na kumulika tochi ndani ya chumba, na mwingine atazame kutoka nje. Tundu dogo kama kichwa cha sindano huonekana kama nyota. Weka alama mahali hapo kwa karatasi, si kwa kalamu. Kagua zaidi sehemu kamba zinaposhonwa kwenye ngozi ya chini, kwa kuwa ndiko nguvu yote ya kufunguka inakopita.

Kamba zinataka subira. Zimefungwa kwenye viungio vinne vilivyo mwisho wa mikanda ya mabega. Ning'iniza viungio hivyo kwenye ndoano moja imara, kisha vuta kamba za kushoto na za kulia kwa nguvu sawa, jozi baada ya jozi, uone kama zinafika pamoja. Nyuzi za Spectra, aina ya plastiki imara ambayo ni ya kawaida sana kwa kamba za miavuli, hunywea kwa joto la msuguano, na zinazonywea zaidi ni za pembeni na za kuendeshea, kwa sababu ndizo zinazosuguliwa na pete za slaida, kile kitambaa cha mstatili kinachoshuka juu ya kamba ili mwavuli usifunguke kwa kishindo. Ya kushoto ya kuendeshea ilikuwa fupi kuliko ya kulia kwa sentimita nne. Nikamwonyesha tepu, akapima mwenyewe mara mbili, akanyamaza. Mwavuli wa namna hiyo hukata kona wenyewe, na dawa yake ni kubadilishiwa kamba na fundi kwa kufuata jedwali la vipimo la mtengenezaji.

Hapa ndipo pamba inapofanya kazi. Chukua kipande, kizungushe polepole ndani na nje ya kila pete ya slaida. Jicho linaweza kusema pete ni laini, lakini palipo na mkwaruzo pamba huacha unyoya, na mkwaruzo unaonasa pamba utakata kamba.

Kimwavuli cha kuvuta, ambacho mrukaji hukitupa kwa mkono ili kiung'oe mwavuli mkuu, hukaguliwa upesi ila kwa makini. Ndani ya ugwe wake hupita kamba nyembamba inayokikunja baada ya kazi. Ukiisha kukitega, rangi ya kamba hiyo lazima ionekane kwenye kidirisha cha ugwe. Kamba hiyo nayo hunywea, na ikifupika kilele cha kimwavuli huvutwa ndani kupita kiasi, nguvu ya kuvuta ikapungua. Kitanzi cha kufungia begi kikianza kuchanuka nyuzi, kibadilishe bila majadiliano. Ni kitu cha bei ndogo kabisa katika begi lote. Pini yake iwe imenyooka inavyotakiwa, laini, isiyo na kutu.

"Mzee, mbona wa akiba hujaufungua?" aliniuliza. Haufunguliwi na mimi wala na yeye. Fundi ndiye anayepima kwa mizani nguvu ya kuvuta mshikio, ambayo kwa kipimo cha Marekani haitakiwi kuzidi ratili 22, yaani takribani kilo 10, na ndiye mwenye vibanio vya kupimia uimara wa kitambaa. Miaka ya 1980 iligundulika kwamba baadhi ya miavuli ya akiba ya duara ilikuwa na wavu wenye asidi uliodhoofisha nailoni iliyougusa, ilhali kwa macho kitambaa kilionekana kizima. Nilimweleza hayo kwa sababu begi lake lilikuwa limelala wiki nzima stoo, kando ya betri ya sola ya baba yake. Asidi ya betri huila nailoni, na hata mvuke wake si wa kuaminiwa, kwa hiyo jambo hilo liliandikwa kwenye daftari ili fundi alijue.

Kifaa kinachoufungua mwavuli wa akiba chenyewe, bila mkono wa mrukaji, kinahitaji maelezo ya peke yake kwa watu wa huku. Maarufu zaidi ni CYPRES, kilichoanza kuuzwa mwaka 1991 na kampuni ya Airtec ya Ujerumani. Kile cha warukaji wazoefu hukata kitanzi kinachoufunga mwavuli wa akiba kikihisi mtu anashuka kwa zaidi ya kilomita 126 kwa saa akiwa takribani mita 225 juu ya ardhi. Lakini "ardhi" kwake ni mahali kilipowashwa. Ziwa Tanganyika liko mita zipatazo 773 juu ya usawa wa bahari, na Tabora iko karibu mita 1,200. Ukikiwasha Kigoma, ukapanda ndege ukaruke Tabora bila kukizima na kukiwasha upya, kitakuwa kikingoja ufike mita kama 1,000 juu ya usawa wa bahari, na kabla ya hapo utakuwa umeshagonga ardhi. Kiwashe palepale utakapotua, na usome tarehe ya mwisho wa matumizi iliyowekwa na mtengenezaji.

Tulipomaliza, saa tano usiku, daftari lilikuwa na mambo manne: kadi iliyopitwa na muda, kamba ya kuendeshea iliyonywea, kitanzi kilichochanuka, na ile betri ya stoo. Tuliyanakili kwenye karatasi, tukaifunga kwa uzi kwenye mshikio wa begi la kubebea, si kwenye mishikio ya mwavuli, na juu yake tukaandika kwa herufi kubwa: USIRUKWE. Ndipo akaniuliza tena habari ya bei, nami nikamwambia ajumlishe kwanza gharama ya fundi.